Projekta iko nyuma, king'amuzi kiko mbele: kutafuta ubovu kwenye waya mrefu wa HDMI

Chenga zilionekana zaidi kwenye nyasi za uwanja. Mchezaji akikimbia pembeni, nyuma yake vinamulika vidoa vyeupe vidogo kama punje za chumvi, vinatokea na kupotea kabla jicho halijavishika. Nyumba ilikuwa Tabata, Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba alishabadilisha king'amuzi mara moja na sasa alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia projekta. "Fundi, hii taa imekwisha," aliniambia. "Mama, nipe nusu saa kwanza," nikamjibu. Taa ilikuwa nzima, na projekta vilevile. Ubovu ulikuwa ukutani: mita 15 za waya mwembamba wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti kutoka king'amuzi hadi projekta, uliochimbiwa kwa tindo na kupigwa plasta juu yake, bila bomba.

Inaniuma kuona vifaa vizima vinauzwa kwa bei ya kutupa wakati kinachoumwa ni waya. Waya mrefu unapochoka hausemi "mimi ndiye mbovu". Unaonyesha dalili, na kila dalili ina mahali inapoelekeza. Ukizijua, huhitaji kununua kitu cha pili kabla hujajua cha kwanza kina tatizo gani.

Majaribio mawili kabla ya kutoa hela

La kwanza: panda na king'amuzi, au kompyuta, mpaka ilipo projekta. Unganisha kwa waya wa mita 1 au 2. Weka stuli, mtu akushikie, usining'inize chochote. Picha ikiwa safi, projekta na king'amuzi vimetoka kwenye lawama, umebaki na waya mrefu na vichwa vyake. Picha ikiwa mbovu vilevile, waya wa ukutani hauna kosa, na umejiokoa na kazi ya kuvunja plasta bure.

La pili: punguza mzigo. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi ushushe ubora wake, yaani zile namba kama 4K, 1080p, 1080i na 720p. HDMI hubeba picha kwa njia tatu za data, kila njia ni jozi ya nyaya zilizosokotwa. Kwenye 1080p ya fremu 60, yaani picha 60 kila sekunde, kila njia hupitisha biti bilioni 1.485 kwa sekunde. Kwenye 720p, au 1080i, ni nusu ya hapo. Kwenye 4K ya fremu 60 ni mara nne, yaani biti bilioni 5.94 kwa kila njia. Shaba hiyohiyo inayobeba 720p bila shida inaweza kushindwa kabisa na 4K, kwa kuwa kadiri mawimbi yanavyokwenda kasi ndivyo yanavyopotelea njiani. Dalili ikipotea baada ya kushusha mzigo, umeshapata jibu: waya hautoshi kwa kazi uliyoupa.

Pale Tabata nilishusha kutoka 1080p kwenda 1080i na chenga zikakoma tukiwa tumekaa. Matangazo mengi ya setilaiti ya HD hurushwa kwa 1080i hata hivyo, kwa hiyo mama hakupoteza chochote cha maana usiku ule. Lakini ile ilikuwa dawa ya kutuliza tu.

Chenga nyeupe, sauti safi

Hii ndiyo dalili ya wazi kuliko zote. Chenga za HDMI si kama zile za antena ya zamani zilizojaa kioo kizima. Hizi ni nuktanukta kali, mara nyingi nyeupe au za rangi moja, na hupenda sehemu fulani za picha. Kila nukta ni data iliyosomwa vibaya. Picha ya kwenye HDMI haina utaratibu wa kusahihisha makosa, wala projekta haiombi irudiwe kilichopotea. Sauti, kwa upande wake, husafiri ndani ya waya huohuo ikiwa imewekewa kinga ya kusahihisha makosa. Ndiyo maana unasikia mtangazaji vizuri kabisa huku uwanja umejaa chumvi. Ukiona hivyo, lawama za kwanza zipeleke kwenye waya.

Tafuta sababu kwa mpangilio huu. Kwanza vichwa: je, kimoja kimelegea, kinacheza ukikigusa? Pili viungio: kuna mtu ameunganisha waya wa mita 10 na wa mita 5 kwa kiungio cha katikati? Kila kiungio ni mahali mawimbi yanapogonga na kurudi, na mara nyingi ukikitoa chenga zinapungua. Tatu mikunjo: waya ukipindwa kama kona ya sanduku, zile jozi ndani huachana na nafasi yake, na mawimbi huharibika hapo. Mwisho unene. Soma maandishi ya ubavuni. Namba ya AWG ikiwa ndogo, shaba ni nene: 24 AWG ina kipenyo cha milimita 0.51, ilhali 30 AWG ni milimita 0.25 tu. Waya wa mita 15 wa 30 AWG usio na kikuza mawimbi ni waya wa kukuumiza moyo hata uwe mpya kabisa.

Picha inakuja, inapotea, inarudi

Kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu, picha inarudi, sauti nayo ilikatika. Hapa mambo yamepita chenga; vifaa vinapoteana kabisa na kuanza kutambulishana upya.

HDMI ina ustaarabu wa kupiga hodi. Kifaa kinachotoa picha hupeleka umeme wa volti 5 kupitia pini ya 18. Projekta ikiuona huitikia kupitia pini ya 19, kama kusema "karibu". Ndipo king'amuzi kinasoma taarifa za projekta: inapokea ukubwa gani, rangi gani, sauti gani. Mazungumzo hayo hupita kwenye nyaya nyembamba zilizo ndani ya waya uleule, nazo zina kikomo chake cha urefu. Kwa hiyo picha inaweza kukatika si kwa sababu njia za picha zimeshindwa, bali hodi haifiki au "karibu" hairudi.

Jaribu hivi: tazama kwa mzigo mdogo, 720p, kwa nusu saa. Ikitulia, njia za picha ndizo zilizoelemewa. Ikiendelea kukatika hata kwa 720p, shuku hodi: kichwa kilicholegea, kutu, au umeme wa volti 5 ulio mdogo. Tazama pia inakatika saa ngapi. Ikiwa ni kila friji inapowaka au feni inapozimwa, waya umelala sambamba na nyaya za umeme au kinga yake ya nje ni duni.

Dalili ndugu ya hii ni kompyuta kukataa kutoa picha kubwa. Unafungua mipangilio unakuta chaguo la 640 kwa 480 au 1024 kwa 768 tu, wakati projekta ni ya 1080p. Kompyuta haikuweza kusoma taarifa za projekta, ikachagua kilicho salama. Washa projekta kwanza, subiri itulie, kisha washa kompyuta. Isiposaidia, rudi kwenye jaribio la waya mfupi.

Giza tupu

Usicheke, lakini anza na kuangalia projekta imechaguliwa tundu lipi, HDMI 1 au 2. Nimeitwa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Baada ya hapo tazama mwelekeo wa waya. Nyaya nyingi ndefu siku hizi zina chipu ya kukuza mawimbi ndani ya kichwa, au ni za faiba, ambazo hugeuza umeme kuwa mwanga upande mmoja na kuurudisha kuwa umeme upande wa pili. Hizo zina mbele na nyuma. Kichwa kilichoandikwa SOURCE kinakwenda kwenye king'amuzi, kilichoandikwa DISPLAY au TV kinakwenda kwenye projekta. Ukigeuza, unapata giza tupu na hakuna kinachoharibika. Uchungu ni pale ulipogundua ukiwa umeshaziba dari. Ndiyo maana sikubali kupitisha waya wowote kabla ya kuutandaza sakafuni na kuutazama ukifanya kazi.

Nyaya hizo zenye chipu hula umeme, na umeme wao ni ule wa volti 5 wa hodi. Kanuni za HDMI zinakilazimisha kifaa kutoa walau miliampia 55 tu. Baadhi ya vifaa hutoa zaidi, vingine hutoa hizo na si punje ya ziada. Ndiyo maana waya mmoja unaweza kuwaka vizuri kwenye kompyuta na kuwa mfu kwenye king'amuzi. Kama waya wako una kimkia cha USB, kichomeke kwenye chaja ya simu iliyo nzima. Kama hauna, kuna vichwa vya kuongezea umeme vinavyochomekwa katikati.

Halafu kuna giza linalochagua. Video uliyoipiga kwa simu yako harusini inaonekana, filamu ya kulipia ya 4K haionekani. Huo si ugonjwa wa urefu. Ni HDCP, kufuli la kuzuia filamu isinakiliwe, na kwa filamu za 4K kila kifaa njiani kinatakiwa kuelewa toleo la 2.2. Resiva ya zamani ya sauti, au spilita (kigawa picha kwa skrini zaidi ya moja) ya bei poa iliyo katikati, inatosha kufunga mlango. Iondoe njiani, unganisha moja kwa moja, utajua.

Rangi za ajabu

Picha yote imekuwa ya kijani au zambarau, lakini mistari iko safi na haitikisiki. Watu hukimbilia kubadilisha waya. Mara nyingi vifaa havijaelewana lugha ya rangi: kimoja kinatuma YCbCr, kingine kinaisoma kama RGB. Zima vyote, washa projekta kwanza, au chagua RGB kwa mkono kwenye mipangilio.

Kwa walio na projekta za zamani za VGA, aina ya tundu iliyotangulia HDMI, mambo ni tofauti, kwa sababu huko kila rangi ina pini yake: 1 nyekundu, 2 kijani, 3 bluu. Kila kilicho cheupe kikigeuka manjano, bluu haifiki; chungulia kichwani, utakuta pini imelala. Kivuli upande wa kulia wa herufi ni urefu au waya mwembamba. Mistari mipana inayopanda taratibu kama moshi ni tofauti ya ethi kati ya soketi mbili. Chomeka kompyuta na projekta kwenye soketi moja kwa kutumia ekstensheni, tazama kama itapotea.

Ilifanya kazi miezi minane, kisha ikafa

Ukanda wa pwani una adui wake. Tanga, Mombasa, Unguja, na hata Dar es Salaam karibu na bahari, hewa ina chumvi. Chomoa kichwa, kielekeze kwenye mwanga, tazama zile pini ndogo ndani. Zikiwa na ukungu wa kijani au wa kahawia, umeona kutu. Dhahabu iliyopakwa juu yake ni nyembamba mno kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Zima kila kitu, chomoa umeme, safisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, acha ikauke. Usikwangue kwa sindano.

Adui wa pili ni uzito. Waya mnene wa mita 10 ukiachwa unaning'inia kutoka kwenye projekta ya darini, unalivuta tundu usiku na mchana mpaka risasi iliyoliunganisha na bodi inapasuka. Dalili yake ni picha inayorudi ukiinua waya kwa kidole. Funga waya kwenye mkono wa chuma unaoshika projekta, kisha malizia kwa kipande kifupi laini cha sentimita 20 au 30.

Wa tatu ni umeme wenyewe. Ukigusa bati la king'amuzi ukahisi mkono unawashwa, kuna umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye pawa saplai na haupati ethi ya kwenda. Umeme huo hupitia HDMI pale unapochomeka, na chipu za HDMI ni dhaifu. Chomeka HDMI wakati vifaa vyote vimechomolewa ukutani. Masika ikianza kunguruma, chomoa umeme na pia waya wa dishi, maana radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Kuanguka jirani tu kunatosha kusukuma umeme kupitia dishi hadi king'amuzi hadi projekta. Na usidhani waya wa faiba unakukinga. Picha inapita kwenye kioo, ndiyo, lakini nyaya nyingi za aina hiyo bado zina shaba ndani kwa ajili ya ile hodi.

Kama umetumia waya wa mtandao

Vifaa vya HDBaseT, teknolojia iliyozinduliwa mwaka 2010, hupeleka picha hadi mita 100 kwa waya mmoja wa Cat5e au Cat6. Navipenda kwa nyumba kubwa na kumbi, ila vinahitaji mkono msafi. Ubovu ninaokutana nao ni wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni waya feki. Chukua uzi mmoja ukwangue kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa umbali mfupi utapita, kwa mita 40 utakatikakatika. Aina ya pili inawasumbua mafundi wazuri: vichwa vimebanwa kwa kufuata rangi pande zote mbili, lakini si kwa kufuata jozi. Kipimo cha taa nane kinawaka chote, kila uzi umefika, na bado picha hakuna. Jozi lazima zikae kwenye pini 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Mpangilio ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani anaruka bluu wawili. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Na waya huo uende moja kwa moja, usipite kwenye swichi ya intaneti.

Unaponunua na kupitisha upya

Pima kwa kamba, si kwa macho. Chumba cha mita 5 hakitaki waya wa mita 5: panda mita 2 ukutani, vuka 5, shuka nusu, ongeza mita 1 ya kujipumzishia kila upande, umeshafika mita 9 na nusu.

Hadi mita 5 nunua waya wa kawaida ulio na lebo ya uthibitisho yenye msimbo wa kuskani: Premium High Speed kwa 4K ya fremu 60, Ultra High Speed kwa zaidi ya hapo. Namba za "toleo 2.0" au "2.1" zilizochapishwa kwenye boksi zisikuzuzue, waya hupangwa kwa madaraja hayo niliyotaja, si kwa toleo. Kati ya mita 5 na 10, kwa 1080p waya mnene wa shaba unatosha, kwa 4K nenda wenye chipu. Zaidi ya mita 10 mimi sihangaiki tena na shaba kwa 4K, naweka faiba. Ni nyembamba, ni nyepesi, ila iheshimu: usiipinde kwa kona kali, usiikanyage, usiivute kwa kichwa chake.

Na zika bomba, usizike waya. Bomba la milimita 20 ambalo mafundi umeme wanapenda halifai, kwa kuwa chuma cha kichwa cha HDMI peke yake kina upana wa karibu milimita 14 na plastiki yake inazidi. Weka la milimita 32 au kubwa zaidi, kona zipindwe kwa upole badala ya kutumia elbo, na liwe walau sentimita 30 mbali na bomba la umeme linapokwenda sambamba nalo. Acha kamba ya nailoni ndani. Unapovuta, funga kamba kwenye mwili wa waya, kichwa ukizungushie tepu kisikwaruzwe.

Kabla ya yote hayo jiulize swali nililouliza Tabata: je, king'amuzi lazima kikae mbele? Waya wa dishi wa RG6 unatembea mita 30 bila kulalamika, umbali ambao HDMI ya shaba haiuwezi. Dishi la mama lilikuwa juu ya paa la nyuma, karibu zaidi na projekta kuliko na ukuta wa mbele. Tuliurefusha waya wa dishi upande huo, tukapigilia kishelfu chini ya projekta, king'amuzi kikakaa hapo kwa HDMI ya mita 1. Sauti tuliirudisha kwenye subwufa ya mbele kwa waya wa kawaida wa sauti, mita 12, nyuma ya pazia na juu ya fremu ya mlango. Rimoti aliijaribu mwenyewe akiwa kwenye kochi: akielekeza kwenye skrini nyeupe, mwanga wake unadunda na kukifikia king'amuzi kilicho nyuma.

Nikarudisha 1080p, tukatazama kipindi kizima cha pili. Ule waya wa mita 15 bado umo ndani ya plasta, nimeukata ncha zote mbili.